Kupiga mchanga chasisi Mwanza: anza na upepo

Mwenye gari akishainua bodi na kuona chasisi ilivyoliwa na kutu, swali lake la kwanza ni grenda au mchanga, yaani aisugue kwa brashi ya waya au aipige kwa mchanga unaorushwa na upepo wa kompresa. Akishaambiwa mchanga, anauliza mchanga gani. Maswali hayo mawili ni mepesi. La tatu ndilo linalowaangusha watu, na karibu hakuna anayeliuliza: upepo utautoa wapi, na maji yaliyomo kwenye huo upepo utayaacha wapi kabla hayajafika kwenye chuma?

Nina gereji ndogo Nyakato. Chasisi yangu ya kwanza kuipiga mchanga ilikuwa ya mkonga, Land Cruiser ya mteja aliyebeba sangara kutoka Mwaloni Kirumba kwa miaka, maji ya barafu yakimdondokea kwenye chuma kila siku. Niliazima kompresa, nikapata mtungi wa mchanga, nikaanza saa moja asubuhi ya mwezi wa nne ili niwahi kumaliza. Dakika ya ishirini mchanga ukagoma kutoka. Nikafungua mtungi, nikakuta uji. Nikaukausha juani, nikarudi kazini, ikawa hivyo hivyo mara nne mpaka jua likazama. Asubuhi yake kipande nilichokuwa nimekisafisha kilikuwa na kutu changa, ya rangi ya chungwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mteja alikiangalia, akaniuliza kwa upole, "Sasa fundi, hapa ndipo pameshapigwa au ndipo bado?"

Grenda au mchanga

Grenda yenye brashi ya waya inataka umeme na mtu mwenye mikono, basi. Kwa kutu ya juujuu, au kiraka kimoja karibu na mkono wa springi wakati rangi nyingine bado imeshika, inatosha na huhitaji kusoma zaidi ya hapa. Tabu ni kwamba brashi haichimbi. Kwenye vishimo inapita juu ya kutu na kuisugua hadi ing'ae, ukidhani ni chuma. Ukiangalia kwa makini utaona madoa meusi chini ya huo mng'ao, na rangi ikishapigwa juu yake, kutu inaendelea kula kimyakimya. Tena chasisi ina pembe, ribiti, mabano na viungo vya kukatiza ambavyo brashi haifiki. Ukihamia diski ya msasa mkali utafika, lakini utakuwa unakula chuma chenyewe, na chuma cha chasisi ya pikapu ni cha milimita chache tu.

Mchanga unaingia kwenye vishimo, unang'oa kutu, na unaacha uso wenye mikwaruzo midogo ambayo rangi inaishika. Watengenezaji wa praima za epoksi, ile rangi ya kwanza inayokaa juu ya chuma, kwa kawaida hutaka mikwaruzo ya kina cha maikroni 40 hadi 75, na usafi wa daraja linaloitwa Sa 2½, yaani chuma cheupe karibu kote, vivuli hafifu tu vikibaki. Brashi ya waya haikupi hivyo hata ukikesha.

Wapo wanaoloweka vyuma kwenye molasi, sehemu moja ya molasi kwa kumi za maji, wiki mbili au tatu. Inafanya kazi kweli, kwa mabano, bolti na vipuri vidogo vya chuma (aluminiamu usiitumbukize humo). Kwa chasisi nzima ungehitaji birika la mita tano na majirani wasiojali nzi.

Mchanga upi

Hapa sina ulinganisho mrefu, kwa sababu mmoja kati ya wagombea simruhusu kuingia uwanjani. Mchanga wa ziwani na wa mtoni ni karibu bure, na ndio kila mtu anaoufikiria. Lakini angalia mawe ya mji huu. Ni graniti, na graniti ikisagika kwa miaka mingi kinachobaki ni kwazi, na kwazi ni silika tupu. Chembe ya mchanga ikigonga chuma kwa kasi inapasuka na kuwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, linaloelea muda mrefu baada ya wewe kuzima kompresa. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Tunaoishi jirani na machimbo ya Geita tunajua kikohozi cha wachoronga miamba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa namna hii kwenye kazi ya kusafisha vyuma kwa upepo mwaka 1949, na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza uachwe tangu 1974. Kitambaa kibichi mdomoni hakizuii kitu.

Wanaobaki ni ganeti, slagi na glasi iliyosagwa. Ganeti, chembe za jiwe gumu la asili, ni ghali kwa mfuko, ila ni nzito, ngumu, na ukitandika turubai chini unaikusanya, unaichekecha na kuipiga tena mara tatu au nne, kwa hiyo bei ya mfuko isikutishe peke yake. Slagi, yale mabaki ya kuyeyushia shaba au ya kuchomea makaa ya mawe, ni ya kupiga mara moja, na huweza kuwa na chembe za madini yenye sumu kama aseniki. Glasi ni nyepesi, inakwenda polepole zaidi, na silika yake si ya fuwele kama ya kwazi, hivyo haina hatari ileile. Kwa chasisi yenye kutu nzito nachagua ganeti ya ukubwa wa kati, ile ya 30/60 (ni namba za chekecheo: namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi). Ukiwa na nozeli, yaani mdomo unaorusha mchanga, ndogo ya milimita 2 lazima ushuke hadi ganeti laini ya 80, kwa sababu tundu la nozeli linatakiwa liwe pana mara kadhaa kuliko chembe, la sivyo zitajibana mlangoni.

Hata kwa ganeti, vumbi la rangi ya zamani na la kutu lipo. Barakoa yenye vichujio vya vumbi jembamba, kofia ya kufunika kichwa chote, na watoto wawe mbali. Usijiunganishie upepo wa kompresa ya gereji kwenye kofia ili uvute pumzi. Una mvuke wa mafuta, na kompresa ya dizeli inaweza kuvuta moshi wake yenyewe.

Kompresa ndogo, kubwa ya kukodi, au kumpelekea mwenye mtambo

Sasa tumefika kwenye upepo. Nozeli ndiyo inayoamua ukubwa wa kompresa. Kwa mgandamizo wa baa 7, nozeli ya milimita 3 inakula lita kama 570 za hewa kwa dakika. Ya milimita 5 inakula 1,270. Ya milimita 6 na kidogo inakula 2,300. Kompresa ya pistoni hutoa lita 100 hivi kwa kila nguvu moja ya farasi, ukipata bahati kidogo zaidi. Hiyo ya nguvu 3 uliyonayo kwa kujazia matairi na kupigia rangi itatoa lita 300. Ikiwa kibao chake kinasema zaidi, mara nyingi wamehesabu hewa inayoingia kwenye silinda, si inayotoka.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar hana haja ya kukuambia. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi. Kompresa inavuta ujazo uleule lakini hewa iliyomo ni kidogo, wakati nozeli haina habari na mwinuko, inadai kama kawaida. Kwa vitendo umepoteza sehemu moja ya kumi ya kompresa yako kabla hujaiwasha.

Kwa hiyo kompresa ya nguvu 3 inakuruhusu nozeli ya milimita 2 tu, na kwa nozeli hiyo chasisi nzima ni kazi ya majuma, ukisubiri tangi lijae kila baada ya dakika chache. Kompresa inayofanya kazi bila kupumzika inachemka, na ikichemka inatapika maji na mafuta zaidi. Nakubali itumike kwa vipande: mikono ya saspensheni, mabano, pembe ambazo grenda imeshindwa. Chasisi nzima, hapana.

Ya kukodi ni ile ya dizeli inayovutwa na gari, ambayo huku kwetu hutumika kuchoronga miamba. Mji wa mawe haukosi mashine hizo. Ile ya kawaida inatoa lita 5,200 kwa dakika, inaendesha nozeli ya milimita 6 na kubaki na akiba, na chasisi inaisha siku moja au mbili. Inakunywa dizeli kama lita 10 kwa saa ikiwa kazini. Kukodi siku hizo, pamoja na dizeli yake, huwa nafuu kuliko kununua kompresa ya kati ambayo bado haitatosha. Kabla hujalipa, iwashe na ufungue koki ya upepo mbele ya kitambaa cheupe kwa dakika kadhaa. Kitambaa kikitoka na mafuta, iache hapo.

Kumpelekea mwenye mtambo wake, mtu anayesafisha matangi au vyuma vya meli, ni njia ya tatu, na kwa chasisi moja tu ya maisha yako huenda ndiyo nzuri kuliko zote. Unalipia usafiri wa chasisi na unabanwa na ratiba yake. Ninachokuomba ni kitu kimoja: mkubaliane nani anapiga praima, na saa ngapi. Chasisi iliyopigwa mchanga Ijumaa jioni na kuchukuliwa Jumatatu imerudi ilikotoka.

Maji yanatoka wapi

Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji inatoka jasho. Maji hayo yalikuwa hewani. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, ikipozwa inaumwaga. Na ikibanwa inaumwaga pia, kwa sababu ndoo tisa za hewa zimeshindiliwa kwenye ndoo moja huku uwezo wa ndoo ile kubeba mvuke ukibaki uleule.

Chukua siku ya kawaida ya Mwanza, nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 70. Kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 18 hivi za maji. Nozeli ya milimita 5 inakula mita za ujazo 76 kwa saa, maana yake kompresa inavuta gramu 1,370 za maji kila saa. Karibu lita moja na nusu, kila saa, na yote lazima yaende mahali.

Sasa angalia yanakokwenda. Upepo unatoka kwenye kompresa ukiwa na nyuzi 70, 80 au zaidi. Kwa joto hilo, hata ukiwa umebanwa kwa baa 7, unaweza kubeba maji yote hayo yakiwa mvuke. Kile kichujio cha maji chenye kikombe cha plastiki ulichokifunga pale pale kwenye mlango wa kompresa kinakamata matone tu. Mvuke unapita katikati yake bila kugonga hodi. Baada ya hapo unaingia kwenye mpira wa mita 15 uliolala chini kivulini, unapoa, na mvuke unageuka maji ndani ya mpira na ndani ya mtungi wa mchanga. Ndiyo ule uji wangu wa mwezi wa nne. Nilikuwa nimenunua vichujio viwili, vyote nikavifunga mahali pabaya.

Upepo huo ukishapozwa hadi nyuzi 35, kinachobaki kama mvuke ni gramu 340 kwa saa, na lita moja nzima imekuwa maji unayoweza kuyamwaga kwa koki. Ukifika nyuzi 30 zinabaki 260. Ukifika 10 zinabaki 80. Kichujio kikikaa baada ya hapo, kinakuwa na kazi ya kufanya.

Njia nne za kukausha

Ya kwanza ni kufungua koki ya chini ya tangi na kutegemea kichujio. Ni bure, na lazima uifanye hata ukiwa na njia nyingine. Kwa kompresa ndogo inayopiga kidogo na kupumzika, tangi lenyewe linapoza, hivyo kwa vipande vidogo mchana wa Julai inaweza kukutosha. Kwa kompresa kubwa inayonguruma mfululizo haikutoshi hata robo saa.

Ya pili ni kupoza kwa bomba. Wengine hupandisha na kushusha bomba la chuma ukutani, kila linaposhuka wakaweka koki chini na kuchukua upepo kwa juu. Ni njia safi kwa gereji ya kudumu. Mimi natumia pipa: koili ya shaba ya robo tatu ya inchi, urefu wa mita 15, imezama kwenye pipa la lita 200 la maji, na kichujio kikubwa chenye koki kimefungwa mara baada ya kutoka kwenye pipa. Gharama yake ni ya shaba na ya fundi wa kuunga mabomba ya friji.

Pipa lina tabia moja ambayo nilihitaji siku nzima kuielewa. Kwa nozeli ya milimita 5, joto linaloingia humo linapandisha maji ya lita 200 kwa nyuzi 7 au 8 kila saa. Ukianza na maji ya nyuzi 25, saa sita mchana unapoza upepo kwa supu. Inabidi uyabadilishe au uwe na mpira wa maji unaoingia chini na kumwagikia juu. Hapo ndipo tulio karibu na soko la samaki tunapopata nafuu ambayo mtu wa Dodoma hana: pipa la pili, dogo, lenye barafu. La kwanza linabeba mzigo mkubwa, la pili linaushusha upepo kutoka nyuzi 30 hadi 10 kwa kilo sita tu za barafu kwa saa. Chukua kumi kwa sababu ya jua. Kijana wangu wa kazi aliponiona nashusha barafu kwenye toroli alidhani nimeanza biashara ya samaki.

Usitumie rejeta wala intakula ya lori badala ya koili. Hazikutengenezwa kwa baa 7 na zitapasuka. Kondensa ya AC ya gari inavumilia mgandamizo huo na zaidi, ila njia zake ni nyembamba, iweke kwa kompresa ndogo tu, na feni mbele yake. Na hayo mabomba meupe ya plastiki ya maji, ambayo nimeyaona kwenye gereji zaidi ya moja yakipitisha upepo ukutani, yakipasuka hayavuji, yanarusha vigae.

Ya tatu ni chembe za kunyonya unyevu, zile za kwenye vipakiti vya boksi la viatu. (Jina lake nalo ni silika, lakini hii haina ule ukali wa kwazi.) Zinakausha kuliko kitu chochote hapa, hadi unyevu uliobaki usihesabike. Tatizo ni kiasi. Kilo moja inashika gramu 200 hivi za maji, na kwa nozeli ya milimita 5 hata upepo uliokwisha kupozwa hadi nyuzi 30 unaimaliza kilo hiyo chini ya saa moja. Matone yakiingia humo zinaharibika papo hapo. Unazikausha upya kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa kadhaa, lakini nani ana oveni ya kilo kumi? Kwa kompresa ndogo ya lita 300 kwa dakika, kilo hiyo hukupa saa tatu au nne, na hapo ndipo mahali pake: kwenye bunduki ya rangi. Nunua zinazobadilika kutoka chungwa kwenda kijani; zile za bluu zinazogeuka waridi zina kobalti, haifai kuzishika ovyo.

Ya nne ni kikausha upepo cha friji, mashine yenye umbo la friji ndogo inayoshusha upepo hadi nyuzi 3 na kuacha gramu 50 tu kwa saa katika hesabu yetu. Ni raha tupu kwa mwenye kazi kila siku. Lakini nyingi za saizi ya gereji hazitaki kupokea upepo wenye joto la kupita nyuzi 40 hivi, kwa hiyo bado unahitaji kupoza kabla yake, jambo ambalo wanaonunua mashine hii wakiwa na haraka hawalijui mpaka iwe imeshindwa. Na umeme ukikatika, kompresa ya dizeli inaendelea kunguruma huku kikausha kimelala, na maji yanapita.

Je, unahitaji ukavu wa namna hiyo kwa kupiga mchanga? Kwa maoni yangu hapana, na hapa ndipo natofautiana na wanaosema anza kwa kununua mashine. Upepo ukitoka kwenye nozeli unatanuka mara tisa, na mvuke uliobaki unakuwa umetawanyika. Upepo uliopozwa hadi nyuzi 30 ukishatanuka na kurudi kwenye joto lake una unyevu wa asilimia 11 hivi tu, mkavu kuliko mchana wa kiangazi. Kinachoharibu kazi ni matone, na matone yanatokea pale tu upepo unapopoa zaidi baada ya kichujio. Kwa hiyo uupoze upepo kwenye pipa hadi chini kidogo ya joto la mahali mpira wako ulipolala. Mpira hautakuwa na maji.

Ndiyo maana nimeacha kabisa kupiga asubuhi. Saa moja hewa ina nyuzi 19, pipa lina 25, na mpira unapoza upepo kuliko pipa. Mchana mpira uko kwenye nyuzi 28 na pipa la 25 linatosha hata bila barafu. Chuma nacho kinahitaji kuwa na joto la walau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kabla ya kupigwa rangi, na asubuhi za masika chuma kilicholala nje hakifiki huko mpaka saa nne.

Kabla ya kumwaga ganeti kwenye mtungi, pitisha upepo mtupu kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja, umbali usiozidi sentimita 60. Kikilowa, rudi kwenye pipa. Kikiwa na doa la mafuta, rudi kwa mwenye kompresa.

Au uache maji yaje

Ipo njia inayogeuza hesabu yote: kupiga ganeti iliyochanganywa na maji. Vumbi linapungua sana, jambo kubwa ukiwa Mabatini au Igogo nyumba zikigusana, na ukavu wa upepo hauna maana tena. Badala yake unapata chuma kinachoanza kutu mbele ya macho yako, ndani ya dakika, usipotia dawa ya kuzuia kutu kwenye maji na kukikausha haraka.

Chasisi yenyewe ndiyo inayoamua. Canter na Fuso zina chasisi ya mkondo, imefunguka upande mmoja. Tope unaliosha na kulipuliza likaisha. Kwa hizo naikubali njia ya maji bila wasiwasi. Mkonga na pikapu nyingi zina chasisi ya boksi, na tope la ganeti likiingia ndani kwa matundu linakaa kwenye viungo na kushikilia unyevu miaka. Hizo napiga kavu, matundu yote nikiwa nimeyaziba kwa matambara, kisha nagonga kwa nyundo ya mpira na kupuliza mpaka kisisikike kitu kikitingishika ndani.

Kwa njia yoyote, osha kwanza. Gari lililotumika kwenye theluji ya Japani limekuja na chumvi ya barabarani, na la kubebea dagaa wa chumvi lina yake. Mchanga mkavu unaibana chumvi kwenye vishimo badala ya kuitoa. Sabuni, maji mengi ya bomba, siku ya jua, halafu ndiyo upige.

Ningechagua nini

Una chasisi moja, boksi, kutu nzito: kodi kompresa ya dizeli kwa siku mbili za Juni hadi Agosti, ganeti 30/60, pipa na koili, anza saa nne, acha saa tisa, praima ya epoksi iwe imeshika kabla ya jua kuzama. Kuacha chuma wazi kwa muda wa saa nne baada ya kupiga ni kukaa mno. Ziwani mimi najipa mbili. Usipige chasisi nzima kisha upake. Piga nusu, paka praima, hamia nusu nyingine kesho yake.

Una gereji na wateja wawili watatu kwa mwezi: jenga bomba la ukutani na pipa, endelea kukodi kompresa, chembe za unyevu ziwe za bunduki ya rangi. Kikausha cha friji kitakuja kazi ikiwa ya kila siku. Una lori la mkondo na majirani karibu: maji. Una kutu ya juu tu: rudi kwenye grenda, na fedha iliyobaki nunulia praima nzuri, maana redi oksaidi ya bei ya chini juu ya chuma kilichosafishwa kwa ganeti ni kama kuvaa kanzu mpya ukalala nayo shambani.

Na jambo moja ambalo halihusiani na upepo lakini limenigharimu. Namba ya chasisi kwenye mkonga imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, kulia mbele. Isafishe kwa mkono kwa brashi laini, ipige picha, kisha ifunike kwa tabaka kadhaa za utepe na kipande cha mpira wa tyubu kabla ya kushika nozeli. Yangu niliiacha wazi kwenye kazi ya pili. Ganeti ikailainisha, praima nene ikaifukia, na mwenye gari alipotaka kuuza, mnunuzi aliinama na tochi, akafananisha na kadi, akasimama na kupangusa magoti. Niliikwangua praima ile kwa kisu na tina kwa muda wa alasiri nzima hadi tarakimu zikasomeka.